Kuku wa Chuo

Siku ya kwanza ya kazi nilifika miguu imevimba, maana kutoka Kasongo hadi kijiji kile cha upande wa Kabambare nilitembea na sanduku la chaki kichwani. Nilikuwa monitere, ndivyo Wabelgiji walivyotuita sisi walimu weusi wa kalasi za chini. Direktere wa masomo, Mubelgiji aliyesema na mutu huku anatazama saa, alikuwa ameniagiza mambo mawili. Kalasi isipojaa kabla hajapita kukagua, ataifunga. Tena nisipokee kitu chochote mikononi mwa wazazi. Sikuona ugumu wowote. Ujana huo!

Asubuhi Ramazani, mkulima kijana, akaniletea mwanawe wa kwanza, Asumani, pamoja na kuku jike. Nilimshukuru, nikamrudishia kuku wake. Alinitazama kidogo, akamshika mutoto mkono, wakarudi nyumbani. Waliokuwa nyuma yake na kuku wao wakageuka vilevile. Kesho yake nilifundisha mabenchi.

Aliyenifungua macho ni mwalimu wa Kurani wa pale, mzee Maulidi, ambaye angeweza kufurahi tu kuniona nashindwa. Aliniuliza kama najua maana ya chuo. Nikajibu ni mahali pa kusomea. Akatikisa kichwa. Alieleza kwamba neno hilo lilikuja na watu wa pwani waliokaa Nyangwe na Kasongo zamani, na kwao chuo kilikuwa kitabu chenyewe. Kitabu kimoja, chuo. Vitabu vingi, vyuo. Nyumba ilipewa jina hilo baadaye, kwa sababu ya kitabu kilichokuwa ndani. Sisi wa misioni tulizoea kusema masomo, lakini pale hata kibanda changu cha udongo walikiita chuo. Na mutoto haingii chuoni mikono mitupu: mzazi analeta kuku, mwalimu anapokea, na tangu hapo mutoto ni wake.

"Umerudisha kuku, umekataa mutoto," aliniambia. "Nani atakuletea mwingine?"

Basi nikazunguka nyumba kwa nyumba kuomba kuku niliowakataa. Aibu gani ile! Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini wiki ile kalasi ilijaa, Asumani akakaa benchi la mbele, na kuku wake tukamla, mimi na mzee Maulidi.

Direktere alipokuja aliwakuta watoto wamejaa ndani na kuku wamejaa nje. Nilimweleza habari ya chuo kama nilivyoelezwa. Alitazama saa.

"Rudisha kuku leo, ao toka."

Nilimwambia kuku wakirudi watoto watarudi nao. Nikahamishiwa kambi ya machimbo ya dhahabu, Salamabila. Monitere aliyenifuata aliwarudisha kuku kama alivyoamriwa, kalasi ikabaki tupu, kibanda kikawa ghala la pamba. Roho iliniuma sana. Nimefundisha mahali pengi baada ya hapo, na kila mahali nilikumbuka mabenchi yale.

Wabelgiji wakaondoka, wakaja madirektere wetu, nao wakatazama saa. Nilipopumzishwa kazi nilikuwa monitere vilevile, na kifua kimeharibika kwa chaki. Nilikuwa nimechoka, sisemi uongo. Nikapita kijiji kile kwa baiskeli nikielekea nyumbani, nikamkuta Ramazani barazani, mzee sasa. Nikamuuliza habari za Asumani. Iko pale nyuma, akasema, anatengeneza baiskeli za watu.

"Wenzangu walirudishiwa kuku, na watoto wao wakarudi," akasema polepole. "Wa kwangu mulikwisha kumula, wewe na mzee Maulidi. Anayekula kuku ndiye anamurudisha mutoto kwa mukono wake. Mimi ningali nangoja, Mwalimu."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Akamwita mwanawe, akaja mutu mzima mwenye ndevu za mvi, anapangusa mafuta mikononi, nyuma yake watoto wake. Nikamshika mkono, nikavuka naye uwanja mpaka barazani.

"Ramazani, mutoto wako ni huyu."

Akaupokea mkono wa mwanawe. "Amemaliza?"

Asumani alitazama chini. Nami nilikumbuka tulikoishia, herufi chache tu ubaoni.

"Hakumaliza," nikasema.

Mzee akautoa mkono wa mwanawe katika wake, akaurudisha katika wangu.