Chumba cha Kuvalia cha Wendell Grooms

Alcide Metoyer alitunza uwanja wetu wa mpira mjini Mobile, Alabama, kwa miaka ishirini na mmoja. Alikata nyasi, alipiga mistari ya chokaa, na kila mechi alifunga kamba ya kututenga sisi Weusi wenzake nyuma ya goli, mahali ambapo jua humchoma kila mtu bila ubaguzi.

Desemba ya 1954, kamati ya Kombe la Magnolia, la mpira wa Kimarekani, ilialika timu ya chuo kimoja cha kaskazini yenye mchezaji mmoja mweusi, Wendell Grooms. Tiketi zikaisha, na kamati ikagundua kwamba Mungu hana neno Grooms akicheza. Ila kuvua suruali chumba kimoja na wenzake wazungu, hilo sasa ndilo lingeiangusha Alabama.

"Alcide," alisema mwenyekiti, Bwana Hadley, "atavalia stoo kwako. Peke yake. Akiingia mwingine, huna kazi."

"Ndiyo, bosi. Nitoe mbolea?"

"Ya nini? Si ni dakika chache tu?"

Alcide aliitoa. Akafagia, akapigilia msumari wa nguo, akabeba kiti cha jikoni kutoka nyumbani.

"Unapamba chumba cha bwana harusi?" mkewe, Eula, akamcheka.

Siku ya Mwaka Mpya Grooms alifika na begi lake. Nyuma yake wakaja wenzake thelathini na watatu, na mabegi yao.

"Mzee, tutaenea?" nahodha akauliza.

"Ninyi mmepewa chumba chenye maji ya moto. Mkiingia humu, mimi sina kazi."

"Tumekiona. Kikubwa mno, tutapotea."

"Rudini, jamani," Grooms akasema. "Mtamfukuzisha mzee wa watu."

Alcide akausukuma mlango wa pili, wa kupitishia mashine ya nyasi. "Ingieni. Atakayemwaga chokaa yangu nitamtandika."

Bwana Hadley aliwakuta wakigongana viwiko.

"Nilisema mmoja!"

"Ndiyo, bosi. Huyo mmoja yupo."

Watu elfu ishirini walikuwa wamekwisha kukaa, kwa hiyo kamati haikuthubutu kuahirisha mechi. Kumfukuza Alcide hakukuhitaji kuahirisha chochote. Alifukuzwa kabla ya filimbi, akaja kukaa nasi nyuma ya goli. Timu ya Grooms ilichapwa vibaya, na Grooms mwenyewe aliangusha mpira mara mbili. Alcide alimshangilia mara zote mbili.

Kesho yake gazeti liliisifu kamati kwa moyo wake mkunjufu. Eula alilisoma kwa sauti mpaka mwisho.

"Moyo mkunjufu!" akasema. "Haya, baba, vaa viatu. Nenda kauombe moyo huo kazi."

"Acha nimalize kunde zangu kwanza," Alcide akajibu, akasogeza sahani aongezwe.