Flaiwili Iliyohamia kwa Mama Mkwe

Leseni ya udereva niliipata kwa mbinde. Mara mbili niliangushwa kwenye mtihani: mara ya kwanza niligonga pipa wakati wa kurudi nyuma, mara ya pili mtahini alikuwa na kikohozi kibaya nami nikawa namwangalia yeye kwa huruma badala ya kuangalia barabara. Mara ya tatu nikapita. Siku hiyo nilizunguka Bukoba nzima nikiwa nimeishika leseni mkononi, na hata aliyeniuliza saa nilimwonyesha leseni.

Nayasema haya ili mtu aelewe kwa nini niliumia gari letu lilipoanza kunizimikia.

Ni gari dogo jeupe, kuukuu, la gia za mkono, lenye milango minne ambayo mitatu ndiyo inayokubali kufunguliwa kwa nje. Mume wangu ni mtaalamu wa migomba huko Maruku na huenda kazini na wenzake, kwa hiyo siku za kazi gari ni langu, la kunipeleka shuleni ninakofundisha fizikia. Jumamosi ni lake. Jumamosi hulipeleka gereji ya Bilele, mahali ambapo magari huenda kupona na wanaume huenda kupumzika. Akirudi huwa na grisi hadi masikioni na furaha ya mtoto aliyetoka kuogelea, nami sikuwahi kuuliza walifanya nini, maana kila nilipouliza nilijibiwa kwa saa nzima.

Jumatatu moja nikatoka nyumbani Buhembe kama kawaida. Nikaweka gia, nikaachia klachi vilevile nilivyoiachia miaka yote, gari likaruka kidogo likazima. Nikawasha tena, likazima tena. Mara ya tatu likaondoka kwa kushtuka, nami nikajisemea labda nimechoka. Jioni, kwenye kilima cha kurudia nyumbani, lilinizimikia mara nne, na bodaboda waliokuwa nyuma yangu wakapiga honi kwa zamu kama wanaimba kanisani. Hata liliposimama likiwa linaunguruma, lilitetemeka, na kwenye giaboksi kulikuwa na kelele za punje za kahawa zinazokaangwa.

Nilimweleza mume wangu. Akaacha kula.

"Gari liko sawa," akasema. "Ni mguu wako. Unaachia klachi kama mtu aliyekanyaga siafu."

Akanitoa nje kunionyesha. Akakanyaga mafuta, injini ikapanda juu kwa ghafla kuliko nilivyowahi kuisikia, akaachia, tukachomoka uani kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Akabadilisha gia, moja, mbili, tatu, chap chap, huku anacheka peke yake. "Unaona linavyoitika?" Niliona. Niliona kwamba yeye anaweza na mimi siwezi.

Hali hiyo ilidumu miezi miwili. Nilizimikiwa mbele ya soko, mbele ya kanisa, na siku moja katikati ya geti la shule, ambapo kidato cha tatu walinipigia makofi na kisha wakanisukuma. Dakika kumi baadaye nilikuwa mbele ya wanafunzi walewale, nina vumbi kwenye sketi, nawafundisha kwamba kitu kizito kinachozunguka hung'ang'ania kuendelea kuzunguka, na kilicho chepesi husimama upesi. Nikawachorea gurudumu zito na gurudumu jepesi ubaoni. Nikawauliza lipi litasimama kwanza, wakajibu vizuri kabisa, nikawapongeza. Nikichora mchoro ule hata chembe moja ya akili yangu haikunigusa bega kuniambia, mwalimu, hebu fikiria gari lako.

Mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa mwezi wa nane. Alipokuwa mdogo nilimbeba mgongoni kutoka kwetu Maruku hadi zahanati, safari nyingi sana, maana alikuwa mtoto wa homa. Nilipopata leseni aliniambia, "Dada, mgongoni umenibeba vya kutosha. Siku ya harusi utanibeba kwa gari." Nilimwahidi. Nilinunua hadi utepe wa kufunga mbele ya gari kabla hata hajapata mchumba.

Sasa nikampigia simu nikamwambia shemeji yake ndiye atakayeendesha, mimi mguu wangu hauko vizuri. Akasema, "Sawa, Dada," kwa ile sauti mtu anayotumia kumdanganya mkubwa wake. Nilikata simu nikaenda chooni kwenye ofisi ya walimu, nikalia. Si kwa ajili ya gari. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeanza kuamini kwamba wale walioniangusha mara mbili walikuwa sahihi, na aliyenipitisha ndiye aliyekosea.

Funguo nikamkabidhi mume wangu. Alizipokea haraka mno, nikaliona hilo, lakini sikulielewa.

Wiki mbili kabla ya harusi ikabidi nizichukue tena kwa siku moja. Mume wangu alikuwa safarini kikazi, na nguo ya harusi ya mama yake ilitakiwa ifike Muleba ijaribiwe kabla fundi hajaimaliza. Nikaenda. Kemondo nilizimikiwa mara mbili, na mahali pengine sitapataja. Nilifika Muleba kwapa zimelowa, nikapiga magoti kumsalimia mama mkwe, na nilitamani nibaki hapohapo chini nipumzike.

Ulikuwa msimu wa kuanika kahawa. Uani kulikuwa na turubai kubwa limejaa kahawa, na pembe tatu zilikuwa zimekandamizwa kwa mawe. Pembe ya nne ilikuwa imekandamizwa kwa chuma. Kilikuwa cha duara, kinene, kina matundu katikati na meno madogomadogo kuzunguka ukingo wote.

"Mama, hiki kimetoka wapi?"

"Waitu, mwanangu, hicho ndicho kiboko yao!" akasema, uso umemng'aa. "Mawe haya upepo ukija yanayumba. Hicho hakisogei hata nyuzi. Mume wako ndiye aliyeniletea. Alikishusha kwenye basi amekikumbatia kifuani kama kichanga."

"Alikuletea lini?"

"Imepita miezi miwili. Nikamuuliza ni kitu gani, akasema ni chuma cha kutuliza mambo. Akaniambia nisimwambie mtu." Akanitazama. "Wewe si mtu, wewe ni wa nyumbani."

Nilichuchumaa nikakiinua. Kilikuwa kizito hata nikasikia mgongo ukilia. Nilikitambua, maana picha yake imo kwenye kitabu ninachofundishia. Ilikuwa flaiwili, ile sahani ya chuma inayokaa nyuma ya injini na kuzunguka nayo. Uzito wake ndio unaoisaidia injini isizime pale unapoachia klachi na mzigo wote wa gari unapoiangukia. Ukiitoa ukaweka nyepesi, injini hupanda haraka na kushuka haraka, gia huingia chap chap, na mwenye kuondoka taratibu kwa mguu wa upole, kama mimi, gari humzimikia mara zote. Mambo yangu yote ya miezi miwili yalikuwa pale, yamekalia kahawa ya mama mkwe.

Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Si mimi! Nilisema kwa sauti, "Si mimi!" na mama mkwe akakubali kwamba si mimi. Hasira ilikuja baadaye kidogo, kama dakika mbili hivi, na ilipokuja ilikuja na mizigo yake yote.

"Nikuondolee chuma chako?" mama akauliza kwa wasiwasi.

"Hapana, Mama. Kikae."

Njiani kurudi Bukoba sikuendesha tena gari langu la zamani lililopatwa na ugonjwa. Niliendesha gari jipya nisilolijua, na hilo ni jambo jingine kabisa. Nilijifunza kukanyaga mafuta kwanza, kidogo tu, nikashikilia, nikasikiliza, ndipo nikaachia klachi katikati, nikangoja ishike. Kemondo sikuzimikiwa. Nikajifunza kwamba mtu akikawia kubadilisha gia injini inakuwa imeshashuka, kwa hiyo asikawie. Kwenye miteremko nilitoa mguu kwenye mafuta, gari likajizuia lenyewe, breki sikuigusa. Nilitaka kulichukia gari lile, nikashindwa. Lilikuwa jepesi, lina kisirani na linasikia, na kabla sijafika mjini nilikuwa naimba.

Mume wangu aliporudi sikumwambia kitu. Siku zote za wiki mbili, yeye akiwa Maruku na migomba yake na funguo akiwa ameziacha mezani, mimi nilikuwa kwenye kilima cha Buhembe nafanya mazoezi ya kuendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwenda na kurudi. Majirani walidhani nimepoteza kitu barabarani.

Siku ya harusi ikafika. Utepe wangu ulikuwa mbele ya gari, mume wangu kwenye usukani amevaa suti, mimi pembeni yake, maharusi nyuma. Mbele yetu lilikuwa pikapu la matarumbeta. Sasa msafara wa harusi hauendi, unatambaa. Watu wanacheza mbele ya gari, mashangazi wanarudi kinyumenyume, mpiga video anatembea huku ameinama. Hakuna mahali pa kupiga resi na kuchomoka kama mbuzi.

Gari lilizima kwenye geti la kanisa. Akawasha, mashangazi wakapiga vigelegele. Likatambaa hatua kumi, likazima. Akawasha, wakapiga tena vigelegele. Kufika mara ya tano walikuwa wameuzoea mchezo, na kila gari lilipozima walinyamaza wakingoja kwa midomo iliyokwisha kujipanga. Shela la bibi harusi lilikuwa limehamia puani.

"Shemeji," mdogo wangu akauliza kutoka nyuma, "gari lina kwikwi?"

Mara ya tisa matarumbeta yalikuwa yamekata kona na kutuacha. Jasho lilimtiririka mume wangu hadi kwenye kola.

"Sijui gari hili lina nini," akasema.

"Gari liko sawa," nikamwambia. "Ni mguu wako."

Akageuka. Nikaendelea kutazama mbele, nikasema polepole kwamba chuma cha kutuliza mambo hakijambo, kiko Muleba, kimetulia juu ya turubai. Nimefundisha miaka mingi na nimeona nyuso nyingi za watu waliokamatwa wakiangalizia, lakini sijaona uso kama ule.

Alitaka kusema kitu. Nikamwambia shuka. Akashuka, akazunguka mbele ya gari mbele ya mashangazi wote na mpiga video, nami nikahamia kwenye usukani. Nikavua viatu vya visigino nikampa avishike. Nikakanyaga mafuta kidogo, nikashikilia, nikasikiliza, nikaachia klachi hadi katikati. Tukaondoka kama maji. Tuliyafikia matarumbeta, tukatambaa nyuma yake mjini kote hadi ukumbini, na gari halikuzima hata mara moja. Karibu na ukumbi mdogo wangu aliegemea mbele akaniwekea mkono begani, palepale alipokuwa akipashika nilipombeba mgongoni. Nililia tena, ila safari hii kwa macho makavu ya dereva.

Baada ya harusi mume wangu aliniomba msamaha. Alisema alitaka gari liitike haraka, na aliogopa ningekataa. Nikamwambia ningekataa kweli, kisha ningekubali, kama ninavyokubali mambo yake yote. Nikamwambia flaiwili hainiumi. Kinachoniuma ni kwamba aliniona nikiamini kwa miezi miwili kuwa mimi ndiye mbovu, akala chakula changu, akanyamaza. Macho yake yakawa mekundu.

Akasema Jumamosi ataenda Muleba aichukue ile nzito airudishe. Nikamkatalia. Mama anaihitaji, na mimi gari hili nimelizoea.

Siku hizi funguo zinakaa kwenye mkoba wangu, hata Jumamosi. Akitaka gari huja kuniomba, nami humpa, baada ya kumwambia avue viatu kwanza.