Mbegu Iliyoliwa Msibani

Babu Ubishi hakupewa jina hilo bure. Alibishana na redio, na mawingu, na jembe lake mwenyewe, na daktari aliyemwambia apumzike. "Nipumzike kwa kazi gani niliyofanya leo?" alimuuliza. Na alipokuwa anaondoka, pale kitandani hospitalini, bado alikuwa na la kusema. Alimshika mkono mjukuu wake, fundi cherehani wa mjini, akamtaka aahidi jambo moja: mvua ya kwanza ikinyesha, maharage yake yapandwe.

"Mengine mtagawana mnavyojua," alisema. "Maharage yangu yasikose udongo."

Fundi akaahidi. Nani angekataa?

Na usidhani ni maharage ya kununua sokoni, jamani. Yalikuwa mekundu yenye madoa meupe, mbegu aliyoachiwa na mama yake, na kwingine huyapati hata uzunguke na tochi mchana. Kila baada ya mavuno mzee alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa stoo akichambua punje kwa punje. Zilizokunjamana aliwarushia kuku. Nzuri alizichanganya na majivu zisiliwe na wadudu, akazitia mtungini. Fundi alikulia hapo, mikono imejaa majivu hadi viwikoni, akigombezwa kwa kupitisha punje mbovu. Babu alimgombeza kisha akamchekea, ndivyo alivyopenda watu.

Mazishi yakapita, wageni wakatawanyika. Fundi akaingia stoo kuchukua mbegu, maana mawingu yalishaanza kujikusanya. Mtungi aliukuta umefunikwa kifudifudi, umeoshwa, unang'aa.

"Mama mdogo! Maharage ya babu yako wapi?"

Mke wa baba yake mdogo alikuwa uani anasugua masufuria. Mwanamke mwema, mchapakazi, ila amezaliwa na kukulia ghorofani, na jembe analijua kwa sura tu.

"Yale machafu? Maskini mzee, uzee ulimfikisha kubaya, anaweka chakula kwenye majivu! Nikayaosha mwanangu, nikayarudia, mpaka yakatakata. Si ndiyo tuliyowapikia watu siku ya msiba? Walivyoyasifu!"

Lo! Fundi akaegemea ukuta. Maharage yale yakichemka madoa hupotea, ndiyo maana hakuna aliyeyatambua. Na yeye mwenyewe alikula siku ile, tena akaomba aongezewe.

Hakumgombeza mama mdogo. Angemgombeza nini, mtu aliyepika kwa mapenzi? Alirudi stoo, akapiga magoti, akapapasa nyufa za sakafu. Akahamia bandani kwa kuku, akafukua takataka. Hakupata hata punje moja. Hapo ndipo kilio alichokuwa amekibana tangu hospitalini kilipomtoka. Alilia kwa sauti, pua inamvuja, kwa sababu sasa babu alikuwa amekufa kweli.

"Wewe fundi! Umedondosha sindano humo?"

Ilikuwa sauti ya Mzee Mpaka, jirani, amesimama upande wake wa ua. Aliitwa hivyo kwa sababu yeye na Babu Ubishi waligombea kipande cha mpaka tangu fundi hajaota meno. Salamu yao ya asubuhi ilikuwa matusi.

"Shikamoo, babu," fundi alisema akijifuta. Akamweleza yote, mtungi, majivu, masufuria.

Mzee Mpaka akacheka. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Unacheka nini na mimi nimefiwa?" fundi aliwaka.

"Ngoja, ngoja kwanza."

Akaingia ndani, akatoka na dumu la mafuta lililokatwa mdomo, akalipitisha juu ya ua. Fundi alichungulia akaona majivu. Akazamisha mkono, akahisi punje, akazitoa: nyekundu, madoa meupe. Akakaa chini palepale huku analia na kucheka kwa pamoja.

"Kila mavuno ananiletea," alisema Mzee Mpaka. "Nikamuuliza, una watoto na wajukuu, kwa nini mimi? Akaniambia, 'Hao wananipenda, ipo siku watayala. Wewe hunipendi hata kidogo, na huwezi kukubali niseme umenipotezea mbegu.'"

"Na kweli ulikuwa humpendi?"

Mzee akageuza uso, akajidai anaangalia mawingu. "Alikuwa ananikera sana yule," alisema.

Mvua ilinyesha, udongo ukalainika, fundi akapanda. Mzee Mpaka alisimama upande wake ameegemea jembe. Kila mwaka msimu huu koo lake hukauka kwa kupiga kelele, na leo hakuwa na wa kumpigia. Fundi alimtazama, akamwonea huruma. Basi mstari wa mwisho akauvutia makusudi ng'ambo ya jiwe la mpaka.

"We! We mtoto! Umeingia kwangu!"

"Nimeingia wapi?" fundi alijibu, mkono kiunoni. "Kapime tena, macho yako mabovu!"

Mzee Mpaka akalitupa jembe. Alikuja mbio kama kijana, uso unamwaka kwa furaha, na wakabishana pale mpakani mpaka mvua iliporudi ikawafukuza.