Niliwasha Injini Ndani ya Mahari ya Mke Wangu

Naanza na lile ambalo Muyinga nzima inalijua. Ni mimi niliyempitisha mama mkwe wangu katikati ya soko akiwa ndani ya ndege isiyo na mabawa, mkononi kashika birika la chai. Wanaosema ilikuwa ajali wananihurumia bure. Nilikosa, tena kwa makusudi.

Jina langu sitaliandika. Wanaonijua wameshanitambua hapo juu, na wasionijua hawakosi kitu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Gitega, Burundi. Natengeneza milango, madirisha na mageti. Miaka michache iliyopita nilikwenda kuweka geti kwenye karakana moja ya zamani, na nyuma yake nikaona ndege ndogo imelala kwenye majani. Tairi zimeoza, kioo cha mbele kimepasuka, na mbuzi wamejikinga mvua kwenye kiti cha rubani. Mwenye karakana mwenyewe hakujua ilifikaje pale. Alinipa ile ndege badala ya malipo ya geti, na kwa jinsi alivyonitazama nilijua ananiona mimi ndiye mjinga kati yetu wawili.

Jamani, niliipenda ile ndege. Niliivuta hadi uani kwangu, nikaisugua, nikaweka tairi nyingine, nikabadilisha mabati yaliyotoboka, nikapiga ribiti moja moja. Injini yake ilikuwa imekufa zamani, basi nikatafuta injini ya gari dogo la kizamani, lile lenye mgongo wa kobe, nikaanza kuigeuza ili ikae puani kwa ndege. Binamu yangu seremala alinichongea pangaboi la mbao ya mti wa umusave. Nilijua haitaruka. Yaani nusu ya kichwa changu ilijua, na nusu nyingine ilikuwa imeshachagua kofia ya rubani.

Wakati huo nilikuwa namchumbia Shemsa, binti wa Muyinga, ambaye mama yake anauza chai na chapati kando ya barabara iendayo Kobero, mpakani. Wenzangu wakipiga simu huwasifia wachumba wao macho. Mimi nilimweleza Shemsa namna ya kunyoosha mkia uliopinda. Alisikiliza, na aliuliza hata maswali.

Siku ya posa tulikwenda Muyinga na wazee, msemaji wetu akiwa baba yangu mdogo, Baba Sudi. Kwetu Waislamu mahari ni ya bibi harusi mwenyewe, na ni yeye anayeulizwa anataka nini. Shangazi yake akaingia chumbani kumuuliza, akatoka kaziba mdomo kwa mtandio.

“Anasema anataka ile ndege.”

Baba Sudi akakohoa. “Ndege gani tena, mama?”

“Ile iko Gitega, kwa huyu kijana. Anasema kingine hataki.”

Nilikubali kabla mzee yeyote hajafungua mdomo. Watu waliona ni mapenzi. Mama mkwe alifuta machozi. Lakini nitawaambia nilichowaza pale mkekani, na hiki ndicho ninachokuja kuungama, maana soko la Muyinga lilishanisamehe mengine. Niliwaza hivi: mke atakuja kukaa kwangu, na ndege iko kwangu, basi nimeoa bila kutoa kitu. Njiani kurudi nilimnong'oneza Baba Sudi, tukacheka mpaka dereva akauliza kuna nini.

Siku ya ndoa sheikh alitangaza mahari ni ndege, akaendelea. Huko nyuma kuna mtu alipaliwa na mate.

Ndoa ilianza vizuri. Kila alasiri nilikuwa chini ya ndege, na Shemsa ananiletea chai huko huko chini. Siku moja akainama, akaniuliza kwa upole.

“Shéri, hii ndege iko ya nani?”

“Iko yako, mke wangu.”

“Yangu kabisa?”

“Kabisa.”

“Bon. Basi mi naipeleka Muyinga. Mama iko anauzia chai chini ya turubai, mvua inamunyeshea. Ndani ya ndege batu watakaa muzuri.”

Niliinuka ghafla nikagonga kichwa kwenye tumbo la ndege. Nilikwenda kulalamika kwa sheikh, naye akaniuliza swali moja tu, mali ni ya nani. Baba Sudi alikuwa bado anacheka, ila safari hii alikuwa ananicheka mimi.

Tuliipakia kwenye lori. Mabawa hayakuingia, yakabaki uani pamoja na ile injini niliyokuwa sijaifunga bado. Kwenye kizuizi cha barabara polisi aliizunguka ndege mara mbili, akaniuliza inakwenda wapi.

“Muyinga, afande.”

“Mbona hairuki?”

“Ni mahari,” nikasema.

“Aa, mahari,” akasema, akaondoa kizuizi.

Shemsa aliisimamisha kando ya barabara, kwenye kilima kinachoshukia sokoni. Akazuia magurudumu kwa matofali, akatundika mapazia ya maua madirishani, akapanga viti vidogo na meza ndani. Majiko ya makaa yakakaa nje, karibu na pua. Madereva wa malori wanaotoka mpakani walikuwa wanapanga foleni ili wanywe chai ndani ya ndege. Wengine walijipiga picha na kuzituma kwao wakisema wamesafiri.

Shemsa akawa anashinda Muyinga kuliko Gitega. Mimi huku nikawa namwambia kila mtu kwamba nimemkumbuka mke wangu. Uongo. Nilikuwa nimeikumbuka ndege. Nikifikiria ile ndege inanuka vitunguu, nilikuwa nashindwa kula.

Basi nikafanya unyama wangu. Nilingoja siku ambayo Shemsa amekwenda Kobero kununua unga na sukari, nikakodi gari, nikabeba injini na lile pangaboi mpaka Muyinga. Mama mkwe akanikuta naishusha.

“Mabukwe, nimekuletea mashine ya kufukuza moshi,” nikamwambia, na sikupepesa hata jicho.

“Yoo, mukwe yangu, Mungu akubariki. Ile moshi iko inaniua macho.”

Aliniombea dua pale pale, mikono juu. Nami nikasema amina, nikachukua spana.

Viunzi vya kushikia injini nilikuwa nimeshavitengeneza Gitega, ilibaki kufunga nati tu. Matofali ya magurudumu yalikuwa yananizuia kufika chini, nikayaondoa, nikaweka jiwe dogo. Ndani walikuwemo madereva wawili na mkulima mmoja, Yohana, aliyekulia Tanzania na kurudi kulima maharage kilima cha jirani. Anakuja siku za soko, na ana heshima zake. Nilipopita kati yao kwenda kukaa kiti cha mbele, aliweka kikombe chini.

“Samahani ndugu, mashine ya moshi ina haja gani na usukani?”

“Ni ya kisasa,” nikamjibu.

Nilitaka kuisikia tu. Naapa, nilitaka niisikie ikinguruma mara moja, nizime, nifungue nati, niondoke na siri yangu. Mama mkwe akaingia na birika kuwaongezea wageni chai, na mimi nikawasha.

Iliitika papo hapo. Miaka yote ile ya kuhangaika, na iliitika papo hapo. Majivu ya majiko yote yakaingia ndani kwa dirisha moja na kutokea jingine. Chapati zilinyanyuka kwenye sinia na kuondoka. Unga ukatanda, na katikati ya unga ule nikahisi kitu ambacho nilikuwa nimekiota tangu siku ya mbuzi: ndege inatembea.

Lile jiwe lilikuwa dogo mno. Breki sikuwa nimezifikiria, kwa kuwa hoteli haina breki. Nilipapasa kutafuta swichi na sikuiona kwa unga. Tukashika mteremko.

Mimi hata chapati sili mbele ya mama mkwe wangu. Ni adabu, na nimeishika tangu posa. Siku hiyo ndege iliruka tuta, na mama mkwe akatua mapajani kwangu, birika mkononi. Sikujua nimwangalie au niangalie mbele. Nikafumba macho, jambo ambalo rubani hapaswi kulifanya.

Tukapita kwa wauza nyanya. Tukapita kwa mafundi cherehani, na kitambaa cha mtu kikatufuata. Watu walikimbia, halafu wakarudi kutazama. Nyuma yangu nikasikia sauti ya Yohana, ya upole kabisa.

“Ndugu rubani, mimi nilikuwa nashuka hapa hapa.”

Tulisimamishwa na rundo la magunia ya maharage mbele ya ghala. Pangaboi likawa vijiti. Pua ikaingia ndani, mkia ukakatika, mlango ukabaki njiani kwa wauza nyanya. Hakuumia mtu, ndani wala nje, namshukuru Mungu kila siku. Vumbi lilipotulia mama mkwe alishuka mapajani kwangu, akanyoosha kanga, akatazama ndani ya birika, chai ilikuwa bado ipo.

“Moshi imeisha,” akasema. Halafu akaenda kukaa kwenye gunia, akaanza kutetemeka, na hapo nikaona nilichofanya.

Shemsa alirudi kwa pikipiki, mfuko wa sukari mapajani. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alimshika mama yake mikono, akahakikisha ni mzima. Kisha akaizunguka ndege, akaokota pazia moja, akalikung'uta.

“Ulikuja kuniona mi, ama ulikuja kuona hii?”

Macho yangu yalikwenda kwenye pua iliyobonyea, naye akaona yalipokwenda.

Wazee walikaa nyumbani kwa kina Shemsa kutusuluhisha. Mali ya mke nimeivunja kwa mkono wangu, hilo halikuwa na mjadala. Naamini angenisamehe. Alikuwa amekaa karibu yangu, si mbali, na mama yake mwenyewe alishaanza kusimulia safari ile kwa majirani huku akicheka. Ilibaki kidogo tu. Lakini Baba Sudi, katika kunitetea, akafungua mdomo.

“Bana, musimuhukumu kijana. Hii ndege hata haiko kitu ya kugombania. Siku ya posa aliitoa bure tu, alijua itabaki kwake uani. Tulicheka njia yote.”

Alidhani anapunguza uzito. Shemsa alinigeukia polepole.

“Mulicheka?”

Sikuwa na uso wa kumtazama.

“Mi nilikuwa najua huyu mutu anapenda kitu moja tu hapa duniani,” akawaambia wazee, si mimi. “Kila siku kwa simu, ndege, ndege. Nikasema, nitamuomba ile ile. Akikataa, nitajua nafasi yangu iko wapi. Akinipa, basi mi niko mbele yake. Na alinipa haraka, hata hakufikiri. Usiku ile sikulala juu ya furaha. Kumbe ninyi muko kwa gari, munacheka.”

Akainuka, akaenda kumsaidia mama yake kuandaa chakula cha wageni. Tulikula. Mimi sikuweza kumeza kitu, na safari hii haikuwa kwa adabu.

Hajaomba talaka. Anakaa Muyinga tu. Fundi wa huko aliinyoosha ndege wakaiburuta hadi mahali pake, na mistari yake ya kuchomelea ni mibaya, imevimba, naiona kila nikienda, na siruhusiwi kuigusa. Ninakwenda kila Ijumaa baada ya sala. Ninangoja zamu yangu nje pamoja na madereva, naingia, nalipia chai kama wengine. Shemsa ananiita “muteja”. Mabukwe ananionea huruma, ananichagulia chapati ya moto, nami naibeba nikaile nje.

Mwezi uliopita nilijikaza nikamwambia mbele ya wateja wote kwamba mahari niliyoivunja ni deni langu, aseme anachotaka, nitauza hata mashine yangu ya kuchomelea. Yohana alikuwemo, akageukia dirishani kutupa faragha. Shemsa alifuta meza mpaka mwisho.

“Sina kitu ya kuomba,” akasema. “Kuomba, nilishaomba.”

Ninyi mnaojiandaa kwenda posa, nawasihi. Ukiulizwa unatoa nini, na ukajikuta moyoni unacheka kwa kuwa umepata mke kwa rahisi, simama hapo hapo, omba ruhusa, rudi nyumbani. Usijidai mjanja mbele ya mtu anayekuamini. Sheikh anaweza kuhesabu ng'ombe, pete, hata ndege, lakini hakuna sheikh anayeweza kuona kama umetoa kweli. Mwanamke aliniomba kile nilichokipenda kuliko vyote ili ajue kama nampenda zaidi. Nilimpenda zaidi, ndugu zangu, najua sasa kwamba nilimpenda, na nilipopewa nafasi ya kusema hivyo nilikuwa nacheka.