Ua la Zambarau Katika Mahindi ya Shangazi

Nisikilize kidogo, wewe unayependa maua. Kuna moja ambalo siwezi kulitazama nikafurahi. Huku kwetu, upande wa Mumias, huchanua mvua za vuli zikikaribia kuisha. Ni la zambarau, hufika magotini, na wageni husimama kulipiga picha. Wengi huliita kayongo. Mzizi wake hushika mizizi ya mahindi chini ya udongo na kuinyonya, kwa hiyo ukiliona limechanua, mahindi yaliyo kando yake yameshadumaa.

Mama alikuwa akiling'oa likiwa na maua yake na kumpa ng'ombe. "Hakuna cha kutupwa," alisema. Samadi ya ng'ombe huyo ilikuwa fahari yake. Shangazi, dada ya baba, alipofiwa na mume akarudi nyumbani, alipewa kipande cha chini karibu na mto. Mama akampelekea toroli zima la samadi. Hakuwa na zawadi kubwa kuliko hiyo.

Kipande kile hakikuwahi kuota kayongo. Msimu uliofuata ilitokea, shimo kwa shimo, kila palipotiwa samadi.

Shangazi alikuja hadi mlangoni.

"Wifi, kama hukutaka nirudi kwetu, si ungesema tu? Umenitumia kitu ndani ya samadi."

"Kitu gani? Leo mimi ni mchawi?"

"Sijui. Muulize ng'ombe wako!"

Alikusudia tusi, lakini mimi niligeuka nikatazama hori. Maua yalikuwa humo, juu mabichi, chini yamekauka. Nilisugua yale makavu kiganjani, pakabaki vumbi jeusi, laini kama ugoro. Kila chembe ni mbegu, na tumbo la ng'ombe haliziui zote.

Shangazi alipoondoka, nilimweleza Mama polepole. Akasema, "Kwa hivyo ni mimi."

"Ni ng'ombe, Mama."

"Na ng'ombe analishwa na nani?"

Alishuka mwenyewe kwenda kumwambia wifi yake. Sasa huing'oa kayongo pamoja, kila mmoja na mstari wake, bila maneno mengi. Mahindi ya Shangazi hayakufika kiunoni mwaka huo, na mbegu zile hungoja udongoni miaka mingi. Sijui kama atavuna pale, wala kama amemwamini Mama.

Wewe ukiiona kayongo katika mahindi yako, ing'oe kabla haijachanua, uichome palepale shambani, na ng'ombe usimpe hata jani.