Siri za Kocha Mpya

Kocha mpya wa timu ya chuo, pale Braamfontein, hatulii. Huranda kando ya uwanja akitafuna kamba ya filimbi, na maagizo ya siri humrushia beki wake, Bakiri, kwa Kiswahili, lugha ngeni mjini humo, akiamini wapinzani hawaambulii kitu. Jumamosi ilikuwa mechi ya mwisho. Wakifungwa wanashuka daraja, naye kazi imeota mbawa. "Bakiri, mlazimishe apite kushoto! Mguu ule kwake ni gogo!" Winga wa wapinzani, Mrundi wa mtaa wa Berea, akacheka. "Eish, asante, kocha! Basi napita kulia." Akapita, akafunga. Kocha akajiziba mdomo kwa viganja viwili. Dakika zote zilizobaki aliongoza timu kwa nyusi tu, na Bakiri, aliyezoea kuambiwa kila kitu, akawa anamtazama yeye badala ya mpira.