Mkalimani wa Nyuma ya Ukuta

Kristofa Mihayo wa Sapiwi alikuwa mkulima wa pamba kama sisi wote, ila Jumapili alikuwa mkalimani. Mhubiri akija kutoka mbali, Kristofa ndiye aliyesimama kando yake na kugeuza Kiswahili kuwa Kisukuma. Sifa yake ilikuwa kwamba hapunguzi. Mhubiri akisema watu wa Sapiwi ni wazito wa kutoa sadaka, Kristofa aliwaambia watu wa Sapiwi, majirani na shemeji zake wakiwamo, kwamba ni wazito wa kutoa sadaka, kwa sauti ileile na kidole kilekile. Mhubiri mmoja aliwahi kupotea katikati ya mahubiri, akasema jambo lile lile mara ya pili. Kristofa naye akalirudia. Hakuona kuwa ni kazi yake kumsaidia.

Mambo yake yaliharibika mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kuingia kwetu. Mliozaliwa juzi mniwie radhi, nieleze kidogo. Zamani pamba ilikuwa na mlango mmoja, chama cha msingi: unapeleka, unapimiwa, unasubiri. Kisha serikali ikafungua milango, na malori ya watu tusiowajua yakawa yanasimama barabarani, yana mizani yao na fedha taslimu. Tuliuza mbio mbio, kana kwamba lori likiondoka halitarudi tena duniani. Kristofa aliuza pamba yake. Halafu, kwa kuwa lori lilikuwa bado limesimama, akauza na ya mke wake.

Mke wake, Elizabeth, alikuwa na shamba lake mwenyewe, alilolilima kwa mikono yake, na pamba yake alikuwa ameihifadhi chumbani. Siku hiyo alikuwa Mkula kwenye msiba wa shangazi yake. Aliporudi alikuta chumba kitupu na baiskeli mpya. Hakugomba. Aliizunguka ile baiskeli, akaijaribu kengele, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kwa mama yake ng'ambo ya mto.

Mke aliyeondoka hivyo, kwetu, anafuatwa. Kristofa alikwenda na baba yake mdogo, mzee Ngeleja. Walipewa viti, wakaletewa ugali na maziwa ya mgando, wakaulizwa habari za mvua upande wao. Hakuna aliyeligusa jambo lenyewe. Walipoaga waliambiwa wabeja, asanteni kwa kuja. Wakarudi siku nyingine, wakaulizwa mvua tena.

Shida ilikuwa hii. Mwenye neno katika mji ule alikuwa mama yake Elizabeth, Milembe, mjane mwenye ulimi. Lakini kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani uso kwa uso, wala hawasemezani. Kristofa hakuweza kumwomba, na Milembe hakuweza kumgombeza. Basi wote wawili wakakaa na maneno yao, huku Kristofa akijipikia ugali ambao hata kuku wake waliutazama kwanza.

Ndipo akaja dada Muzdalifa, mwanafunzi wa chuo kikuu, mtu wa Tanga. Alitumwa kukusanya Kisukuma cha wazee kabla hakijachanganyika na lugha nyingine. Alishuka Bariadi na mashine ya kunasia sauti, akaulizia mkalimani, akaletewa Kristofa. Alitaka mama mtu mzima, msemaji hodari, asiyeona haya. Kila aliyeulizwa alimtaja Milembe. Kristofa naye akaulizwa. Alifikiri, akasema ni kweli, hakuna anayemzidi. Hakuongeza neno. Alikuwa ameulizwa habari za lugha, naye akajibu habari za lugha.

Wakaenda. Nami nilikwenda, kwa sababu benchi walilobeba lilikuwa langu.

Muzdalifa akakaribishwa, akakaa mlangoni na mashine yake. Milembe akakaa ndani, penye kivuli. Kristofa akachukua benchi, akakata kona, akaenda kuketi nyuma ya ukuta. Muzdalifa alisubiri kwa adabu, akidhani mwenzake ameenda haja. Alipochoka aliita, na sauti ikamjibu kutoka nyuma ya nyumba kwamba yeye yuko tayari, waanze. Ikabidi nimweleze. Akasema hata kwao Tanga mkwe huheshimiwa, ila si kwa tofali. Kisha akaisogeza mashine karibu na kona, nami nikaenda kukaa na Kristofa.

Kazi ilikwenda vizuri. Muzdalifa aliuliza kwa Kiswahili, Kristofa akapaza sauti kwa Kisukuma juu ya ukuta, Milembe akamjibu Muzdalifa kana kwamba ndiye aliyesema Kisukuma, na Kristofa akarudisha kwa Kiswahili. Wakapita kwenye kinu, jembe, ndama. Baadaye Muzdalifa akasema sasa anataka sentensi nzima nzima. Aanze na ya kulima.

"Mwanamke alilima shamba lake peke yake," akatafsiri Kristofa.

Muzdalifa akashukuru. Akaomba ya kwenda.

"Mwanamke alikwenda kwenye msiba."

Akaomba ya kuuza. Safari hii Milembe alisema kwa kirefu. Mimi niliyasikia yote, nikaangalia viatu vyangu. Muzdalifa hakujua Kisukuma hata cha kununulia yai. Kristofa angeweza kumwambia kwamba mama amesema mtu aliuza mbuzi, ikaandikwa na kupelekwa chuoni. Lakini katika chumba cha ndani kulikuwa na mtu aliyekuwa akimenya karanga, na karanga zilikuwa zimenyamaza. Elizabeth alijua Kiswahili sawasawa na mumewe.

"Mwanaume aliiuza pamba ya mke wake kama mwizi," akasema Kristofa, "akanunua chuma cha kukalia."

Muzdalifa akasema ni nzuri sana, kuna nyingine?

"Kisha akaja na mzee wake, wakala ugali, wakazungumza mvua." Kisha akaongeza lake: "Mvua tuliulizwa. Hilo usiandike, dada, ni la mkalimani."

Muzdalifa, masikini, aliona sasa amepata hadithi. Akauliza mwanaume huyo angejibu nini. Kristofa akalipeleka swali. Jibu likarudi, naye akalitafsiri: "Mama anasema yeye atajuaje. Aulizwe mwenye kosa."

"Basi kaka Kristofa, jaribu wewe," akasema Muzdalifa.

Kristofa akasimama. Akavuta shati, kama anavyofanya kanisani, akasema kwa Kisukuma akiutazama ukuta. Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, akajitafsiri mwenyewe:

"Mwanaume anasema: mayu, mama yangu, niliiba. Sikumwuliza mwenye pamba kwa sababu nilijua atakataa."

Mashine ikazunguka. Halafu sauti ya Elizabeth ikatoka ndani, kwa Kiswahili.

"Nikirudi, pamba yangu naipeleka kwenye mizani mwenyewe, na fedha napokea mwenyewe. Atakayekuja kununua aniulize mimi. Kama hilo halimfai, nimenye karanga."

Muzdalifa akamshukuru, ila akasema yeye anatafuta Kisukuma.

Basi Kristofa akalitafsiri. Alilitafsiri lote, mizani, fedha, na karanga, polepole, kwa sauti ya kanisani, hata wachungaji wa ng'ombe waliokuwa bondeni wakageuka. Milembe alisikia. Nilisikia mimi. Akamalizia kwa kusema kwamba mwanaume amekubali, akalisema hilo kwa lugha zote mbili.

Milembe akakohoa. "Mwambie mwanangu huyu aulize neno lingine," akasema. "Hilo limekwisha."

Muzdalifa akauliza vyombo vya maziwa, na wakaendelea navyo mpaka jua likapoa.

Mzee Ngeleja alipofika juma lililofuata na mbuzi wa kufunga maneno, Elizabeth alikuwa amekwisha kukusanya vitu vyake. Kristofa alijitolea kubeba kila kitu, naye akampa mtoto, sufuria na mkeka. Jembe lake alilibeba mwenyewe.